Jiwe Alilokalia Shekue

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba au ya watu wanaoumwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Aliye macho apewe kisutu, anayesinzia apewe kaniki, na anayekoroma apewe teke.

Hapo zamani za kale nyani walikuwa na nchi yao, ikiitwa Majabalini. Mawe juu, mawe chini, na katikati mawe. Huko heshima ya mtu ilikuwa urefu wa jiwe analokalia. Mdogo anakaa chini, mkubwa anakaa juu, na aliye juu kabisa hana kazi ila kugeuza mgongo atolewe chawa. Ukimwona mtu amekaa juu amegeuza mgongo, huulizi kitu. Unapanda, unamtoa chawa. Ndiyo desturi yao, na mimi siwacheki. Nitawacheka baadaye.

Basi huko alikuwako kijana mmoja, jina lake Shekue, kifungua mimba wa Bi Mishi. Baba yake alikufa akamwachia jiwe. Jiwe tu! Lakini ungemwona, ungedhani kaachiwa mbingu na funguo zake. Kutwa yuko juu, mgongo nje, na wadogo zake wawili wanamtoa chawa mpaka vidole vinawauma. "Hapo! Kushoto kidogo! Hapo hapo!" Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kutwa.

Ukaja ukame. Visima vikakauka, matunda yakakauka, hata mate yakakauka. Bi Mishi akamwita mwanawe.

"Shekue mwanangu, wewe ndiye mkubwa. Nenda Matopeni, ng'ambo ya mto, nchi ya viboko. Kule kuna maji na majani. Katutazamie kama watatupokea, halafu mtume Mbayuwayu atuletee habari. Nenda upesi, baba. Wadogo zako hawa hawataifikia mvua nyingine wakiwa hapa."

"Nitakwenda, mama."

"Na ukifika, uliza. Usilolijua, uliza."

"Niulize nini, mama? Nchi ni nchi."

"Uliza, mwanangu."

"Nimesikia."

Wapi! Hakusikia kitu.

Akaenda, akaenda, akaenda, mpaka kwenye kivuko. Pale alisimama Korongo, mlinzi wa Matopeni, mguu mmoja majini na mwingine kaukunja.

"Unatoka wapi?"

"Majabalini."

"Unataka nini?"

"Kukaa."

"Karibu sana. Shika ufagio."

Nyinyi mnawajua viboko. Kiboko akijisaidia mkia wake hautulii: unatapanya mavi kulia, unatapanya kushoto, njia nzima imechafuka. Ndiyo maana kila mgeni wa Matopeni hufagia njia, tangu siku ya kufika mpaka masika. Masika yakianguka, anaitwa mwenyeji. Anapewa kivuli chake na malisho yake, na hakuna wa kumuuliza tena anatoka wapi.

Shekue akautazama ufagio. Akamtazama Korongo. Akautazama ufagio tena.

"Mimi? Mtoto wa kwanza wa baba yangu, mwenye jiwe langu Majabalini, mimi nifagie mavi?"

"Lakini kijana, hapa kila mtu..."

Mwenzenu huyo, keshavuka, keshaondoka! Korongo alitaka kumwambia kwamba hapa kila mtu amefagia, hata mkuu wa viboko mwenyewe alifagia ujanani mwake. Maneno hayo yakabaki mdomoni mwa ndege, kwa sababu bwana mkubwa alikuwa na haraka ya kwenda kuheshimiwa.

Si mbali na kivuko akaliona jiwe. Nchi nzima matope, jiwe moja tu, refu, safi, na juu yake hakuna mtu. Mwenye akili angejiuliza kwa nini jiwe zuri namna ile halina mtu. Shekue alisema, "Ahaa! Nilijua tu." Akapanda mpaka juu, akageuza mgongo, akangoja.

Sasa nyinyi nitawaambia, kwa sababu yeye hakuuliza. Lile lilikuwa Jiwe la Upele. Matopeni mtu akishikwa na upele hupanda pale akakaa peke yake, ili watu wamwone kwa mbali na wasimkaribie. Hupelekewa chakula mpaka apone. Na ndugu zake walio nje ya nchi hawavuki mto mpaka apone, maana upele hutembea na ukoo.

Na huku Shekue hana wa kumtoa chawa! Siku ya kwanza akajikuna kidogo. Siku ya pili akajikuna sana. Siku ya tatu akajikuna kwa mikono na miguu. Bibi Kiboko mmoja, mtu wa huruma, akamwona.

"Masikini mtoto wa watu! Tazameni anavyojikuna. Na amekwenda mwenyewe jiweni bila kusukumwa. Huyu amelelewa vizuri."

Amelelewa vizuri! Bibi wa watu akakusanya matunda na majani mabichi, akayasukuma kwa mti mrefu mpaka chini ya jiwe, kisha akarudi kinyumenyume bila kumwondolea macho, asije akarukiwa na wadudu. Shekue aliyaona yote hayo, na roho yake ikafurahi. Kwao hata baba yake hakuwahi kuondokewa kinyumenyume.

Mbayuwayu akaja. "Mama anauliza, umefikaje?"

"Mwambie nimekalia jiwe la juu kuliko yote nchini."

Mbayuwayu akaenda, akarudi. "Mama anauliza, unakula?"

"Mwambie naletewa asubuhi, naletewa jioni, na anayeleta huondoka kinyumenyume."

Mbayuwayu akaenda, akarudi. "Mama anauliza, waje? Mdogo wako wa mwisho hasimami tena, anabebwa."

"Waje! Mwambie hapa hakuna anayethubutu hata kunisogelea."

Mbayuwayu akamtazama. "Shekue, mbona unajikuna hivyo?"

"Wewe peleka habari."

"Lakini umewauliza wenyeji mambo ya hapa?"

"Wenyeji ndio waniulize mimi."

Mbayuwayu akaruka zake. Kazi yake ni kupeleka maneno, hata yakiwa ya kipumbavu.

Na niwaambie ukweli, mwenzetu alikuwa mpweke. Mwezi mzima hakuna aliyemwita jina lake. Watoto wa viboko wakipita pale chini, yeye hujikohoza ili wamtazame, nao wanatimua mbio. Alitamani mtu amguse bega tu, basi. Mara nyingine alitaka kushuka amuulize yule bibi hali yake. Lakini kushuka ni kushuka, na yeye alikuwa mtu wa juu. Akaendelea kukaa na kujikuna.

Bi Mishi akafunga safari na wanawe wawili, mmoja mkononi, mmoja mgongoni. Wakatembea jua kali, wakalala njaa, wakatembea tena, mpaka kivukoni. Hata hivyo mama alikuwa amejifunga kanga yake vizuri. Alikuwa anakwenda kwa mwanawe mkubwa.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," akasema Korongo. "Mna jamaa humu?"

"Mwanangu yuko humu! Yule aliyekalia jiwe refu, anayeletewa chakula."

Korongo akaushusha mguu alioukunja, akarudi nyuma hatua tatu. "Mama, lile ni Jiwe la Upele. Kama yule ni mwanao, hamvuki. Rudini mlikotoka mpaka apone."

"Tukarudi wapi? Mtoto huyu hafiki hata kwenye ule mti pale."

Viboko wakajaa kutazama. Korongo naye akaona amuulize mwenyewe, maana yalikuwa mambo ya uhai wa watu. Akaita kwa sauti, "We kijana wa jiweni! Una upele, huna?"

Shekue akageuka. Upele? Upele gani? Akalitazama jiwe lake. Akautazama ule mti mrefu. Akamtazama Bibi Kiboko na kinyumenyume chake. Ndipo akaelewa yote kwa mara moja, na masikio yakamwaka moto.

Kazi ilikuwa neno moja. Aseme, "Sina," mama avuke, watoto wale. Lakini akisema hana, nchi nzima ingejua kwamba amekaa mwezi mzima kwenye jiwe la wagonjwa akidhani ni mfalme, na kula chakula cha wagonjwa akidhani ni cha heshima. Viboko mia wangemcheka.

"Una upele, huna?"

"Ninao," akasema Shekue.

Mnaguna? Guneni! Na bado.

Korongo akauliza mara ya pili, na mdogo wake Shekue analia mgongoni kwa mama. "Kijana, angalia vizuri. Una upele, huna?"

"Ninao."

Akaulizwa mara ya tatu. Mama yake akawa anamtazama moja kwa moja.

"Ninao," akasema, na kichwa chini.

Laana ya kuku haimpati mwewe, wala maneno yangu hayatamfikia yule mtoto leo, lakini ptuu! Mtu anawafungia mlango walionyonya naye ziwa moja, ili asichekwe.

Bi Mishi akamshusha mtoto, akamkabidhi mwenzake. "Kama mwanangu mgonjwa, nitamuuguza. Ni nchi gani inamkataza mama kumuuguza mwanawe?"

"Haikatazwi," akasema Korongo. "Lakini ukimgusa, na wewe ni wa jiweni. Na akiwa nao kweli, hawa wawili watarudi peke yao. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Nami mwanangu namjua."

Akavuka. Hee, upele ukapata mkunaji! Akapanda jiwe, akamshika Shekue sikio, akamlaza kifudifudi magotini, mtu mzima na ndevu zake, mbele ya nchi nzima. Akafungua manyoya hapa, akafungua pale.

"Bibi, njoo utazame. Upele uko wapi?"

Bibi Kiboko akasogea, akatazama, akanusa, akatazama tena. "Huu si upele. Hawa ni chawa!"

Acheni kicheko kilichopigwa pale! Mto ulitikisika. Viboko walicheka mpaka wakajisaidia, na njia ikachafuka kuliko siku zote.

"Chawa nitawatoa mimi," akasema Bi Mishi. "Kiburi kitoeni nyinyi. Ufagio uko wapi? Nipeni na mimi wangu. Na nielezeni, mnaanzia kufagia wapi?"

Wakamwonyesha. Akauliza viboko hutoka majini saa ngapi, akaambiwa. Akauliza husalimiana vipi, akaambiwa. Watoto wakala, wakanywa, wakasimama. Wote wakafagia.

Shekue naye akahukumiwa. Aliyekula chakula cha wagonjwa ilhali mzima hufagia misimu miwili. Husemwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu ulimwengu ulijaribu mwezi mzima ukashindwa, ikabidi mama aitwe tena.

Masika yakaanguka. Korongo akapita kuwaandika wenyeji wapya, kivuli kwa kivuli. Akafika kwa Bi Mishi.

"Hapa pako, mama?"

"Hapa pangu, na pa wanangu hawa wawili."

"Na yule pale nje, mwenye ufagio?"

Shekue akasimama, akangoja mama yake amtaje.

"Yule?" akasema Bi Mishi. "Yule ni mgeni wangu."

Basi hadithi yangu inaishia hapo. Ukienda nchi ya watu, jiwe la baba yako liache kwenu. Ukiona kiti kitupu, uliza nani alikikalia jana. Na ukipewa ufagio, shika, hujui nani aliushika kabla yako.

Mimi mwenyewe nilifika Matopeni juzi nikitafuta makazi. Walinikaribisha vizuri sana, wakanipa ufagio. Nikawaambia nimesahau kitu nyumbani, nakuja sasa hivi. Ndiyo maana mnaniona hapa.