Wimbo Unaovunjwa Darajani

Hadithi hii aliisimulia kwanza Profesa Yordani Mbilinyi, mwalimu wa hisabati, mwezi Juni 1996, katika arusi ya binti yake wa pili. Wageni walimwomba atoe nasaha. Akasema nasaha hana, ila ana kisa. Waliokuwepo walikiandika kesho yake kabla hakijaota mkia. Kinatumwa hapa kama kilivyosemwa, na atakayekituma mbele asikipunguze.

Katika chuo kimoja walikuwepo walimu watatu waliokula meza moja. Yordani mwenyewe alifundisha hisabati. Athanasi Gama alifundisha uhandisi. Wa tatu alikuwa Dkt. Somoe Likoko, mtafiti wa fasihi, na kisa hiki ni chake zaidi.

Walipendana, lakini kulikuwa na neno moja walilogombea kila siku: mizani.

"Mizani ni ya kwangu," Gama angesema. "Usipopima uzito, huna jengo."

"Ni ya kwangu," Yordani angejibu. "Upande huu uwe sawa na upande ule. Hesabu yote ni hiyo."

"Nyie mmeazima tu," Somoe angewaambia. "Mizani ni silabi za mstari wa shairi. Ikikosekana moja, msikilizaji anajikwaa."

"Akijikwaa kwenye shairi haumii, mtani. Akijikwaa kwenye daraja langu, nafungwa mimi."

Wakacheka, wakala, wakaenda kufundisha.

Mwaka huo Gama alikuwa amejenga daraja la waendao kwa miguu katika Mto Luhembe. La zamani lilikuwa la kamba na magogo, na mafuriko yalilibeba. Jipya lilining'inia kwa nyaya nene za chuma, na sakafu yake ilikuwa ya mbao. Kabla ya kulikabidhi, Gama alilipakia magunia ya mchanga mazito kuliko watu ambao wangeweza kuenea juu yake. Halikushtuka.

Siku ya ufunguzi iliangukia siku ya arusi ya msichana wa ng'ambo ya mto aitwaye Sikujua. Ikaamuliwa yeye ndiye awe wa kwanza kuvushwa. Wanawake na watoto wa shule walimzunguka wakiimba wimbo wa kumvusha mwali, kama ilivyo desturi ya Luhembe.

Wimbo huo ulikuwa katika kitabu cha Somoe. Aliukusanya mwenyewe, akauchapisha pamoja na nyimbo nyingine za arusi, na shule za wilaya nzima zilifundishia kitabu hicho. Kwa kitabu hichohicho baraza la chuo lilikuwa linajiandaa kumpa uprofesa. Somoe alisimama ukingoni akisikia watoto wakiimba maneno kama alivyoyachapisha, machozi ya furaha yakamlenga.

Walipofika katikati, daraja lilianza kuyumba. Mwanzoni watu walicheka. Mara likayumba zaidi, mbao zikainuka na kushuka, nyaya zikalia. Wengine walishika nyaya. Sikujua, mikono ikiwa ndani ya kanga, hakuwa na cha kushika. Akatupwa mtoni.

Aliopolewa akiwa hai, mfupa wa bega umevunjika.

Tume ikaundwa. Gama akasimamishwa kazi. Akaelezwa kwamba ikithibitika alijenga vibaya, atanyang'anywa leseni na daraja litang'olewa kabla ya masika. Na ng'ambo ile hapakuwa na zahanati.

Siku tatu baadaye walikutana tena mezani. Gama hakugusa chakula.

"Nimerudia kila kitu," alisema. "Chuma ni kizima. Uzito wa watu haukufika hata nusu ya magunia yangu."

"Basi si uzito," Yordani akasema. "Mtoto akiwa kwenye bembea unaweza kumrusha juu kwa kidole kimoja. Hutumii nguvu, unatumia wakati. Msukume kila anaporudi, utaona. Na daraja la kuning'inia ni bembea. Watu wakitembea kila mmoja na hatua yake, limetulia. Wakikanyaga wote kwa pamoja, na mdundo wao ukalingana na wake, wanalisukuma wenyewe. Walitembeaje siku ile?"

"Walikuwa wanaimba."

Wote wawili wakamgeukia Somoe.

"Msinitazame hivyo," alisema. "Wimbo ule una umri mkubwa kuliko babu zenu. Waliuimba kwenye daraja la kamba, bovu kuliko la Gama, na hakuna mwali aliyeanguka."

Yordani aliweka kalamu chini. "Kama wimbo ni uleule, hesabu yangu imekosea."

Gama akainuka, akaiacha sahani yake ilivyo.

Somoe alikwenda ofisini kwake ili ajihakikishie tu. Alitoa kanda aliyomrekodi Bi Mkejina, kungwi wa Luhembe, aliyekuwa amekwisha kufariki. Sauti ya yule bibi ikajaa chumbani. Beti za njiani zilikwenda silabi nane nane, sawasawa kama mchi kinuni:

*Twende polepole twende,*
*mwana tumpe mwenyewe.*

Kisha ukaja ubeti wa darajani:

*Mto hauna shemeji,*
*pita mwali,*
*mto hauna,*
*pita.*

Hapo Somoe alipakumbuka. Alipokuwa anarekodi alidhani bibi amesahau maneno, maana mistari ilipungua ghafla, mmoja mfupi, mwingine mfupi zaidi. Alimuuliza, "Bibi, mbona hapa panapungua?" Jibu alilolinakili lilikuwa: "Hapo wimbo unavunjika."

Basi yeye akauunga. Aliongeza neno "wetu" na "pita" moja, akafuta kilichozidi:

*Mto hauna shemeji,*
*pita mwali wetu pita.*

Nane kwa nane. Waliokipitia kitabu walimsifu hasa kwa ukarabati huo.

Sasa alirudisha kanda nyuma, akasikiliza jibu la Bi Mkejina. Akarudisha tena. Akaweka sikio karibu na redio.

Bi Mkejina hakusema unavunjika. Alisema unavunjwa.

Kila mwaka Somoe aliwafundisha wanafunzi wapya tofauti ya maneno hayo. Kinachovunjika huenda kimechakaa chenyewe. Kinachovunjwa kina mtu anayekivunja, na mtu huyo ana sababu yake.

Alizima redio. Kanda hiyo hakuwa nayo mwingine. Aliyeimba alikuwa kaburini. Akinyamaza, mwezi haungeisha kabla hajaitwa profesa, na Gama angebeba lawama ya chuma ambacho hakina kosa. Akisema, angekuwa mtafiti aliyeharibu alichotumwa kukihifadhi, na bega la yule msichana lingekuwa juu ya jina lake.

Tume ilikaa Luhembe, katika darasa la shule iliyo jirani na mto. Yordani alieleza habari za bembea. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani.

"Profesa, wazee wa hapa walivuka na wimbo huuhuu kwenye kamba. Leo chuma kinashindwa na wimbo?"

Darasa likaangua kicheko. Mtu wa nyuma akasema, "Labda chuma chao kinapenda ngoma!"

Gama aliinamisha kichwa. Somoe alimwona, akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, si wimbo huuhuu."

"Mama, wewe ndiye uliyeuandika kitabuni."

"Ndiyo. Na mimi ndiye niliyeuharibu."

Kicheko kilikatika. Somoe alieleza habari ya kanda na neno moja alilolisikia vibaya. Kisha akaomba waende darajani, pamoja na wanawake waliomvusha mwali, yeyote atakayekubali.

"Na ukianguka?" mwenyekiti akamuuliza.

"Mto hauna shemeji," alijibu, na kina mama wakaguna, maana msemo walikuwa wanaujua: mto haumwonei mtu haya.

Alitangulia yeye, Gama na Yordani nyuma yake, kisha wanawake, kila mmoja ameshika waya. Kwanza waliimba kama ilivyo kitabuni. Miguu ilishuka pamoja kama ya askari. Hawakufika mbali, mbao zikaanza kuinuka. Mwenyekiti akapiga kelele kutoka ukingoni, "Basi! Simameni!"

Walisubiri daraja litulie. Ndipo Somoe akaimba kama Bi Mkejina. Mstari ulipokatika, miguu ikapotezana. Huyu alingoja neno ambalo halikuja, yule alishapiga hatua, mwingine akamkanyaga mwenzake kisigino.

"We Asha, kisigino changu!"

"Si wimbo wenyewe!"

Wakavuka wakicheka na kugongana, na chini yao daraja limenyamaza kama barabara.

"Ndivyo alivyoimba bibi yangu," mmoja alisema walipokanyaga udongo wa ng'ambo. "Lakini watoto walipokuja na wa shuleni, tukaona wetu ndio uliokosea. Wimbo wao umeandikwa."

Neno hilo lilimuuma Somoe kuliko yote aliyoambiwa siku ile.

Gama alimsogelea. "Usiubebe mzigo peke yako, mtani. Mimi nilipima kwa magunia. Magunia hayaimbi."

Tume iliamua daraja libaki, na Gama aongeze nyaya za pembeni za kulizuia lisiyumbe, kwa kuwa mjenzi hawezi kuwachagulia watu nyimbo. Leseni yake ilirudi. Baraza la chuo liliahirisha uprofesa wa Somoe. Yeye alikichapisha kitabu upya, ubeti wa darajani ukiwa na mapengo yake, na chini yake ameandika: "Hapa wimbo unavunjwa."

Walipokutana tena mezani, Gama alikula sahani mbili.

"Haya," akasema, "mizani ni ya nani sasa?"

"Ni ya mto," Yordani akajibu. "Sisi tulikuwa tunaazima."

Miaka minane baada ya kukisimulia kisa hiki, Profesa Yordani alifariki, mwaka 2004. Mhandisi Gama naye ametangulia. Amezikwa kwao milimani. Dkt. Somoe, ambaye uprofesa aliupata akiwa karibu kustaafu, yu hai, na masikio yake bado yanasikia vizuri. Bi Sikujua yu hai pia. Bega humuuma mvua zikikaribia, lakini wajukuu zake wote amewavusha mwenyewe, na akifika katikati huuvunja wimbo.

Funzo: Ukikuta kitu kimepinda, usikimbilie kukinyoosha, kwanza uliza aliyekipinda alikuwa anazuia nini.