Binti wa Chini ya Mahakama

Aliye chini ya nyumba, hana jina wala mwana,
Watatu waliochimba, kaburini wagombana.

Katika mji mmoja wa mawe palikuwa na mahakama ya kale iliyotakiwa kukarabatiwa. Kabla ukumbi haujamwagwa zege, wakaitwa wachunguzi watatu. Fumo alikuwa na sikio: hugonga sakafu, akajua kilicho chini yake. Lali alikuwa na jicho: husoma rangi za udongo kama wengine wasomavyo hati. Mwanamize alikuwa na mkono: hufunua mfupa bila kuuvunja.

Fumo akatangulia. Akapiga magoti, akagonga chokaa kwa nyundo ndogo, shubiri kwa shubiri.

"Bwana Fumo," msimamizi wa ujenzi akamcheka, "umepiga hodi kutwa. Umeitikiwa?"

"Nimeitikiwa. Chini ya kizimba cha washtakiwa pana uwazi."

Lau si sikio lake, zege lingemwagwa siku ile.

Lali akafuata. Msimamizi alishikilia kuwa uwazi ule ni birika la zamani. Lali akashuka shimoni, akautazama udongo. Mwekundu, ambao hukaa chini, ulikuwa juu ya ule wa kijivu: ulichimbwa, ukarudishwa kinyume.

"Birika halifukiwi kwa haraka namna hii," akasema. "Hapa amefichwa mtu."

Lau si jicho lake, shimo lingejazwa kifusi.

Mwanamize akamaliza. Kwa brashi na pumzi yake akamfunua msichana ambaye magego yake ya mwisho yalikuwa hayajaota, shanga zingali zimemzunguka kiunoni. Alikuwa amelazwa ndani ya mwanandani, ule mfuo wa kaburi, ubavu wa kulia, uso kibla. Aliyemficha alimpenda, au alimwogopa Mungu.

"Pole, mwanangu," Mwanamize akamwambia.

Lau si mkono wake, wangetoa vipande vya mifupa tu, pasijulikane kuwa ni Mwislamu aliyezikwa kwa siri.

Akaitwa imamu wa mji, akaamuru azikwe upya alasiri ile ile. Mifupa ikavikwa sanda, jeneza likawekwa barazani pa mahakama. Hapo imamu akauliza:

"Jiweni tuandike binti wa nani? Haendi kaburini bila mwenyewe. Mmoja wenu, mmoja tu, awe jamaa yake. Matanga yatawekwa kwake, na hitima itasomwa nyumbani kwake."

"Kwangu," akasema Fumo. "Ndugu yangu alizama, mwili hatukuupata. Mama hana kaburi la kulilia."

"Wewe ulisikia uwazi tu, ndugu yangu," Lali akamkata. "Hata birika lina uwazi. Aliyesema ni mtu ni mimi."

"Mlisema, mlisema!" Mwanamize akawageukia. "Kichwa chake nimekishika mimi. Nanyi wanaume mtakwenda makaburini, mimi nibaki mlangoni. Hata matanga mwaninyima?"

Hakuna aliyemwachia mwenzake. Adhana ya alasiri ikapita. Vumbi la ukarabati likashuka juu ya sanda, na msichana aliyengoja chini ya sakafu sasa akangoja juu yake.

Nyinyi mliokaa kitako mkinisikiliza, niambieni: lingekuwa neno lenu, jiweni mngeandika binti wa nani?

Jua lilipokaribia kuzama, Fumo alikuwa amekaa ngazini, Lali amekaa kizingitini, Mwanamize amekaa kando ya jeneza. Kule makaburini, aliyebaki amesimama ni mchimba kaburi peke yake, ndani ya kaburi alilolichimba, akingoja kumpokea msichana, mikono mitupu.