Zimwi Lililongoja Kukaribishwa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Ubwabwa mmekula, au nimeula peke yangu? Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Na wewe Shaame, muache mwenzio, kaa kitako usikilize.

Alikuwapo mama mmoja, jina lake Bi Mashavu. Alikuwa na mume, Bwana Machano, na binti yao, Raya. Bi Mashavu alikuwa mkarimu, mkarimu, mkarimu mno! Alishinda uani akipika, na mtu akipiga hodi mlango wa mbele, yeye hata kichwa hainui. Anajibu tu, "Karibu! Pita ndani!"

Raya alikuwa ameposwa, harusi ni Ijumaa. Chumbani kulikuwa na sanduku lake la harusi: kanga, udi, mapambo, vyote mama yake amevikusanya tangu Raya anatambaa. Likipotea sanduku lile, Raya ataenda kwa mumewe mikono mitupu, na mama yake hatatoka nje kwa aibu.

Sasa, porini kulikuwa na zimwi. Lina jicho moja, lina mkia, lina tumbo kama pipa. Uchawi wake ulikuwa hivi: nyumba lisikokaribishwa haliwezi kuingia, hata mlango uwe wazi. Lakini mwenye nyumba akishasema karibu, basi, hata ufunge kwa minyororo, mlango unafunguka wenyewe.

Siku moja, adhuhuri, likajifanya sauti nyembamba.

"Hodi, hodi, wenyewe!"

"Karibu! Pita ndani!"

Mlango ukafunguka. Zimwi likakomba sufuria zote za shughuli ya harusi zilizokuwa ndani, likaenda zake.

Bi Mashavu alipoona, akalia. "Mume wangu, tumeibiwa! Tuwaambie majirani?"

"Nyamaza! Unataka tuchekwe?" akasema Bwana Machano. Akatia komeo mlangoni.

Kesho yake, adhuhuri.

"Hodi, hodi, wenyewe!"

"Karibu! Pita ndani!"

Komeo likajivuta lenyewe. Zimwi likabeba kitanda cha Bwana Machano, pamoja na mto.

"Hata mto!" akafoka Bwana Machano aliporudi. "Mwizi gani huyu hana haya?" Akatia na kufuli, kubwa kama papai.

Lakini Raya alikuwa mwali, hatoki nje mpaka harusi yake. Alikuwa nyuma ya pazia, ameona yote. Baba yake alipolala, sakafuni maskini, akamfuata mama yake.

"Mama, kufuli halitasaidia kitu. Ni zimwi, na wewe ndiye unayelifungulia."

"Mimi? Toba!"

"Ukisema karibu tu, komeo linajivuta. Nimeona kwa macho yangu."

Bi Mashavu akashika kiuno. "Sasa nimnyime mtu karibu? Niitwe mchoyo, mimi, na kijiji kizima?"

"Usimnyime, mama. Muulize kwanza ni nani."

Kesho yake, adhuhuri. Bwana Machano yuko shamba. Mama anakuna nazi, Raya kakaa karibu yake.

"Hodi, hodi, wenyewe!"

"Ka..." Mazoea, jamani! Raya akamtia mama yake konzi ya nazi mdomoni. Mama akatafuna, akameza, akauliza, "Nani?"

Zimwi lilikuwa halijaulizwa hivyo hata siku moja.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi jirani."

"Jirani gani? Mama yako nani? Umefuata nini saa hizi?"

Zimwi likakuna kichwa. Mama yake lilishamla zamani! Likapandwa na hasira, sauti yake nene ikatoka. "We mwanamke, mgeni anasimama juani unamhoji? Huna adabu!"

Neno lile likamchoma Bi Mashavu. Maisha yake yote hajaambiwa hivyo. Nusura aseme, "Karibu!" Akamtazama mwanawe.

"Leo sina adabu!" akapiga kelele. "Mwizi! Jamani majirani, mwizi! Mwizi!"

Majirani wakatoka, huyu na mchi, huyu na mwiko, huyu na kiatu kimoja. Zimwi likatimua mbio, mkia nyuma, watu nyuma ya mkia, mpaka pangoni kwake. Likapitiliza na pango, likapotelea huko, wala halikurudi.

Wakaingia pangoni. Lo! Sufuria za Bi Mashavu zile. Kitanda kile. Lakini si hivyo tu.

"Ala! Cherehani yangu!" akasema jirani wa kwanza.

"Na redio yangu!" akasema wa pili.

"Na mlango wangu!" akasema wa tatu.

Wakatazamana. Kila nyumba ilikuwa imeibiwa, na kila mmoja alinyamaza asichekwe. Angesema wa kwanza, wa pili asingeibiwa. Bwana Machano aliporudi kutoka shamba, alikuta watu wamejaa kwake, akaelezwa yote, akainamisha kichwa. "Mke wangu, juzi ulitaka kusema. Mimi ndiye niliyekuziba mdomo. Nisamehe."

Ijumaa Raya akaolewa, sanduku lake mbele, kijiji kizima nyuma kikipiga vigelegele.

Hadithi yangu ikaishia hapo. Anayetaka kuitia chumvi, atie ya kwao. Na nyinyi mshike hili: mtu akibisha, muulizeni ni nani kabla ya kumfungulia. Na mkiibiwa, waambieni majirani siku ileile.