Pimbi na Jibu Lililoahirishwa

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na lango?
— Lilikuwapo, limefungwa!
Na mwenye kungoja?
— Alikuwapo, mpaka akaota sugu!

Basi hapo zamani, zamani zile tamu, palikuwa na Pimbi aliyeishi na bibi yake juu ya majabali. Pimbi alitaka kusomea uganga katika chuo cha bondeni, apate kumtibu bibi yake magoti. Akapeleka ombi kwa msajili. Msajili alikuwa Kiboko: tumbo kubwa, masikio madogo.

Siku ya jibu, Pimbi akateremka na tikiti la kumsalimia. Bingiri, bingiri, mpaka langoni.

"Shikamoo, Mzee Msajili."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Kiboko akalitia tikiti kinywani, ngwa! Ndipo akasema, "Ombi lako si ndiyo, si hapana. Limeahirishwa. Rudi mwezi ukiandama."

Mwezi ukaandama. Tikiti bingiri, bingiri. Ngwa! "Si ndiyo, si hapana. Rudi mwezi ukiandama."

Mwezi wa tatu, vivyo hivyo. Ngwa!

Akirudi nyumbani, bibi hakumwuliza kitu. Asubuhi walikaa juu ya jabali lililopata joto la jua, bibi akimchana manyoya na kumwimbia nyimbo za mavuno. Nyingine alikwisha kuzisahau nusu, wakazimalizia kwa maneno ya kubuni, wakacheka mpaka machozi. Leo Pimbi ni mganga mwenye mvi. Masomo ya mwaka wa kwanza yamemtoka yote. Asubuhi zile anazo zote.

Mwezi wa nne akaenda mikono mitupu.

"Tikiti liko wapi?" Kiboko akanguruma.

"Mzee wangu, si ndiyo, si hapana. Limeahirishwa."

"Mpaka lini?"

"Bibi analo moja shambani, kubwa kama tumbo lako. Kasema litachumwa siku nitakapoitwa mwanafunzi."

Mate yakamdondoka Kiboko, ti, ti, ti. Akakamata muhuri, akaugonga kwenye barua ya jibu, po! "Umekubaliwa! Haya, kalilete!"

Pimbi akaisoma barua, akaisoma tena.

"Mzee, hapa chini umeandika mwenyewe: ni marufuku mwanafunzi kumpa msajili zawadi."

Kiboko akafumbua kinywa. Akakifumba. Hakikuwa na kitu.

Pimbi akapanda majabali mbio, kwata, kwata, kwata. "Bibi! Wamenikubali! Naondoka kesho!"

Bibi akaacha kupepeta mtama.

"Mapema hivi?" akasema.

Wakalipasua lile tikiti, wakalila wawili, polepole sana.

Ngano yangu imefika kwenye mbegu. Mwenye meno atafune, mwenye pengo ateme. Na funzo lake, wanangu: ukiambiwa subiri, subiri kwa adabu, usimfanyie mkubwa ujanja. Pimbi alitulia tu, akaletewa jibu lake mlangoni. Si mmesikia wenyewe?