Mama Pimbi Adai Choo cha Mwanawe

Paukwa!
—Pakawa, tumekaa!
Niseme au ninyamaze?
—Sema, na aliyelala aamke!

Basi hapo kale palikuwa na Mama Pimbi, mjane, akikaa kwenye mawe na mtoto wake mmoja tu, Sikudhani. Pimbi ni mnyama mdogo, ukimwona utadhani panya aliyekosa mkia. Asubuhi mama alitoka kuota jua, na Sikudhani akipanda mgongoni kwake, wakaota jua pamoja.

Sikudhani akaugua. Tumbo likavimba, ndi! Mikono ikawa vijiti. Anakula, hashibi. Anakula, hanenepi. Anajikuna matako, kwaru, kwaru!

Nyani akasikia. Nyani huyo alikuwa na nguvu, alikuwa mlafi, na uganga alijipa mwenyewe. Akaja, akambonyeza mtoto tumbo.

"Mama, hili ni jicho la watu. Mtoto atalazwa kwangu juu jabalini. Wewe usipande, utaharibu dawa. Lete chakula chake tu."

"Chakula gani, mganga?"

"Karanga, viazi vitamu, na mahindi."

"Mtoto hana meno ya mahindi, mganga."

"Dawa inayo, mama."

Mama alikuwa na hofu, akakubali. Nyani akambeba mtoto, huyoo!

Mama akapeleka karanga, akaambiwa subiri. Akapeleka viazi, akaambiwa subiri. Akapeleka mahindi, akaambiwa subiri. Asubuhi akawa anaota jua peke yake. Mgongo ulikuwa mwepesi, na wepesi ule ulimuuma kuliko mzigo wowote. Upepo ukipita kwenye nyufa za mawe, anageuka. Ah, upepo tu. Jamani, alimtamani mwanawe hadi akasahau kula.

Sasa, pimbi wana desturi yao: ukoo mzima hujisaidia mahali pamoja, babu hadi mjukuu. Mama alipofika pale akaona choo chake mwenyewe tu, cha mtoto hakipo, akaketi akalia. Akalia mpaka akapata wazo.

Akaenda chini ya jabali, akaita, "Mganga! Kwetu sisi, mtoto akilala ugenini, choo chake hurudishwa nyumbani. Nifungie kwenye jani."

Nyani akacheka, kwe kwe kwe! "Wenzio huomba salamu, wewe waomba choo!"

"Nina hamu naye, mganga. Kama yeye simpati, nipate hata hicho."

Lakini Sikudhani hakuwa na choo. Angekipata wapi, naye halishwi? Nyani akaona uvivu kungoja. Akajisaidia mwenyewe, akafunga kwenye jani, akatupa chini, pu!

Mama akafungua. Lo! Choo kikubwa kuliko mtoto! Akachukua kijiti, akachokoa. Hapa ganda la karanga. Pale punje za mahindi, nzima nzima. Na katikati, minyoo myeupe inajinyonga, nyonga, nyonga!

Mama akajua chakula kinaishia wapi. Akajua na jingine: kula bila kunenepa, kujikuna vile, mwanawe naye ana minyoo. Moyo ukamchoma, mbona hakuangalia mapema? Lakini Nyani hapigiki. Akapiga yowe.

"Uwiii! Mganga! Mwenye choo hiki ana minyoo! Inakula chakula, ikimaliza chakula inakula utumbo, ikimaliza utumbo inatokea puani!"

Nyani akashika pua. "Puani?"

"Puani! Hajikuni huyo?"

Nyani alikuwa anajikuna. Akaacha. "Kidogo tu. Dawa hakuna?"

"Ninayo nyumbani, chungu kweli. Lakini ni ya mwenye choo, na mwenye choo ni mwanangu. Au kuna mwingine, mganga?"

Nyani afanyeje sasa? Aseme ni chake? Ataulizwa mahindi ya mgonjwa aliyala kwa ruhusa ya nani. Anyamaze? Minyoo puani!

"Mchukue mwanao!" akasema. "Ila nibakizie dawa kidogo. Nina rafiki."

"Rafiki aje mwenyewe, na choo chake."

Sikudhani akarudi nyumbani. Mama hakumpa dawa kwanza. Alingoja choo, akachokoa, akaona minyoo kweli, ndipo akampa. Mtoto akatema. Akampa tena. Tumbo likashuka polepole, na mama akawa kila saa anamnyanyua kumpima uzito, hata akiwa usingizini.

Nyani je? Yuko jabalini hadi leo, anajikuna, anaitamani dawa ile, na anaona haya kukitaja choo chake.

Funzo? Watoto, kuangalia choo ni tabia mbaya, msithubutu. Nanyi akina mama, mtoto akivimba tumbo, mpeni yeyote mwenye sauti nene, kisha mkae nyumbani mkimlilia.

Ngano yangu nimeitua hapo. Aliyesikia kaondoka nayo, aliyesinzia amuulize jirani.