Matope ya Tabibu Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majirani na misiba kama sisi, aliishi Nyati mmoja na mkewe, Mama Ndama. Nyati alikuwa na nguvu za kung'oa mti. Jambo moja tu lilimshinda: aliogopa kuchokonolewa.

Siku moja alirudi malishoni akichechemea. Tu, twe. Tu, twe.

"Baba Ndama, mguu una nini?"

"Nimekanyaga kitu. Kitatoka chenyewe."

Hakikutoka. Mguu ukavimba. Na kiangazi kilikuwa kinaingia. Kundi lote lilikuwa linajiandaa kuhamia mtoni, mwendo mrefu, na asiyeweza kutembea angebaki nyuma pasipo maji.

"Twende kwa Kima," mkewe akamwambia. "Ana vidole vyembamba. Atatazama, atatoa, tutarudi."

"Kima anachokonoa. Alimchokonoa Pundamilia mpaka akalia mbele ya wakwe zake."

"Alilia, akapona."

"Mimi nitakwenda kwa Nguchiro. Yule hachokonoi mtu."

Nguchiro alikuwa tabibu mgeni. Mwili wake mdogo, ungeweza kumfunika kwa ungo, lakini maneno yake yalikuwa makubwa. Aliishi katika shimo chini ya kichuguu. Mlangoni pake walikaa wagonjwa wakubwa wakubwa mchana kutwa, wamepakwa matope meupe toka kichwani hadi mkiani. Matope hayo ndiyo yaliyokuwa dawa yake.

"Karibu, baba," Nguchiro akasema. "Usiniambie unaumwa wapi."

"Ni mguu huu wa..."

"Nimesema usiniambie. Ukiutaja mguu, viungo vingine vinaona wivu. Wenzangu wanatibu jicho, wanatibu jino. Mimi natibu mwili wote, na roho yake, na nyumba yake. Unalala umeelekea wapi?"

"Mashariki."

"Ehee. Na ni nani hujamsamehe?"

Nyati akafikiri. "Kaka yangu. Tuligombana kwa ajili ya malisho."

"Umeona sasa? Na wewe umekuja hapa na habari za mguu."

Nyati akatokwa na machozi. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari za kaka yake. Nguchiro akampaka matope, pata, pata, mwili wote, na mguu ule pia, wala hakuutazama. Kisha akampa masharti: matope yasioshwe mpaka mwili wote uwe umekubali, na kila siku aje akae pale mlangoni, ameelekeza uso njiani.

"Kwa nini njiani?" akauliza Mama Ndama, aliyekuwa amemsindikiza mumewe.

"Ili ugonjwa ukitoka uione njia, shemeji."

Sababu ya kweli hakuisema. Mbweha alikuwa akiwinda kwenye kichuguu kile. Tangu wagonjwa wakubwa waanze kukaa mlangoni, Mbweha hakuthubutu kusogea. Na mgonjwa akipona huenda zake. Kwa hiyo Nguchiro hakuwa na haraka ya mtu yeyote kupona.

Kukaa pale kulikuwa na raha yake. Nyati alikaa kando ya Ngiri, naye Ngiri alipenda mazungumzo.

"Wewe unasumbuliwa na nini?" Nyati akamuuliza kwa kunong'ona.

"Jino. Tabibu anasema limetokana na ugomvi wangu na shangazi."

"Mmepatana?"

"Shangazi alikufa kabla sijaota meno. Lakini nimejaribu."

Nyati akacheka mpaka matope yakapasuka mgongoni. Nguchiro akaja mbio kuyaziba.

Na kweli, roho ya Nyati ilitulia. Alikwenda kwa kaka yake, wakashikana, wakalia, wakapatana. Usingizi wake ukawa mzuri. Lakini chini ya matope, mguu ulikuwa unaoza.

"Baba Ndama, matope yananuka."

"Ni ugonjwa unatoka. Tabibu amesema."

"Nikuoshe mguu huo mmoja tu. Nitatazama, kisha nitaupaka tena."

"Ukiosha mguu mmoja umeharibu dawa ya mwili wote. Niache, Mama Ndama. Nimeona nafuu moyoni."

"Mimi sijakuuliza moyo."

Lakini alikuwa mke wa kumheshimu mumewe, na hakuosha. Alikwenda pembeni akamwomba Mungu, akamtajia Mungu ule mguu kwa jina lake, maana kwingine walikatazwa kuutaja.

Kisha ikaja homa. Kundi lilipoondoka kwenda mtoni, Nyati hakuweza kusimama. Kaka yake alibaki naye, na Mama Ndama akamtuma haraka kwa Kima. Kima akaja akiruka mti kwa mti, lakini alipofika, Nyati alikuwa amekwisha kukata roho.

Kwao, wanangu, maiti haizikwi na uchafu wa dunia. Huoshwa kwanza, mpaka iwe safi mbele ya Mungu. Mama Ndama akaleta maji. Wagonjwa wa Nguchiro wakaja wote kumzika mwenzao, na matope yao meupe mwilini. Nguchiro naye akaja, kwa sababu bila wao hakuthubutu kubaki peke yake.

Mama Ndama aliosha pembe, akaosha uso, akaosha mgongo. Hakuwa na haraka. Matope yaliyokauka yalianguka mapande mapande, bo, bo. Mwisho akafika kwenye mguu.

Katikati ya kwato palikuwa na mwiba wa mgunga.

Kima akaushika kwa vidole viwili, akauvuta. Ukatoka mara moja. Akauweka juu ya jani, wote wakautazama.

Nguchiro akakohoa. "Pole sana, shemeji. Angalau amekufa amepatana na kaka yake. Na saa ikifika, ni Mungu ametaka."

Mama Ndama hakupandisha sauti. "Kwa habari ya kaka yake, nakushukuru. Lakini Mungu usimsingizie. Mungu alimpa maumivu ili ayaseme, akampa na mke wa kumtazama. Aliyetukataza ni wewe."

"Mimi natibu mwili wote, shemeji."

"Na mguu haukuwa mwilini?"

Mama Ndama akamgeukia Ngiri. "Shemeji, wewe unaumwa wapi?"

Ngiri akamtazama tabibu, akautazama mwiba, akamtazama rafiki yake aliyelala. "Jino," akasema. "Hili la nyuma."

"Tukishazika, fungua kinywa Kima alitazame."

Wakamzika Nyati, wakamwombea. Kisha wagonjwa wote wakatelemka kwenye maji yaliyokuwa yamesalia bwawani, wakajiosha, na maji yakawa meupe kama maziwa. Hata mmoja hakurudi kwenye kichuguu.

Nguchiro alirudi peke yake. Akakaa mlangoni, mahali pa Nyati, akaelekeza uso njiani. Na njiani nyasi zilianza kutikisika, chwa, chwa, chwa.

Hapo ndipo ninapowaachia hadithi hii, wanangu, na neno lake ni hili: ukiumwa, taja panapouma, na umwonyeshe yule anayekubali kutazama.