Sahani Tano za Mzee Kapela

Sogeeni karibu, mniitikie polepole, maana hadithi hii ilizaliwa kwenye ukungu na haipendi kelele.

Hapo zamani, katika nchi ya miombo ambako nyuki ni wengi kuliko watu na asubuhi hunukia asali, palikuwa na kijiji chenye kisima kimoja na bunduki moja. Bunduki ilikuwa ya marehemu Mzee Kapela. Juu ya mlango wa nyumba yake ilitundikwa sahani ya bati yenye maua mekundu, na katikati ya maua hayo palikuwa na tundu la risasi. Mzee aliipiga akiwa umbali wa hatua mia mbili. Ndiyo desturi ya watu wale: bunduki husifiwa kwa risasi yake bora kuliko zote, na risasi hiyo hutundikwa mlangoni. Mgeni alionyeshwa sahani kwanza, maji ya kunywa baadaye.

Katika nyumba hiyo walikuwamo watu watatu wenye vipaji vyao. Kalunde, binti wa marehemu, alikuwa msukaji wa nyungo, na jicho lake lilipima kitu kabla mkono haujakigusa. Ukimwambia hii ni shibiri mbili, atakujibu imepungua kidole, na kweli imepungua. Ndimila, mjomba wake, alijua kutembea. Alipita juu ya majani makavu kana kwamba ameyaomba ruhusa. Na Sizya, mume wa Kalunde, alikuwa na mkono usiotetemeka. Kwenye arusi ndiye aliyepewa kibuyu kilichojaa pomoni akivushe uwanja mzima, na hakumwaga tone.

Kiangazi kimoja mbogo dume alianza kunywa kisimani. Wanawake walipolalamika, Sizya alichukua bunduki, akasimama mbali kwa hatua mia mbili, kama sahani ilivyofundisha, akapiga. Risasi ikaingia tumboni. Mbogo akaguna, akaingia kichakani na maumivu yake. Kesho yake alfajiri Mahona, kaka yake Kalunde, alikwenda kumtekea maji mkewe aliyekuwa mjamzito. Mtungi ulipatikana mzima. Mahona hakupatikana mzima.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda kisimani. Mbogo aliyejeruhiwa hasahau, naye alilala palepale kwenye matete. Watu wakachimba mchanga wa mtoni wakapata tope, watoto wakapasuka midomo. Sizya alikaa nyuma ya nyumba, hali chakula, anautazama mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu asiyemjua.

Kalunde alishinda ndani na mama yake, Bi Nyamizi, wakimlilia Mahona. Siku zilipita kama za mtu mwenye homa, mchana na usingizi vimechanganyika. Asubuhi moja aliinama kuwawekea kuku tope la kunywa, akaona kwenye ukingo wa sahani yao kidonge cha nta. Akakibandua. Chini yake palikuwa na tundu la risasi.

Alitafuta banda zima akapata sahani nne, zote zenye maua mekundu, zote zimezibwa kwa nta. Akaishusha na ile ya mlangoni. Kila moja ilikuwa na kitundu cha msumari juu, pale ilipotundikwa mtini kupigwa. Akazipanga, msumari juu ya msumari, akapima matundu ya risasi kwa vidole. Moja lilikuwa katikati kabisa. Moja lilikuwa juu, moja kushoto, na mawili yalikuwa yameng'ata ukingo tu. Kutoka tundu la ukingo mmoja hadi la ukingo wa pili ilikuwa shibiri nzima, na kidogo juu yake.

Machozi yalimtoka, ila safari hii hakuwa akimlilia Mahona peke yake. Alizibeba sahani mpaka nyuma ya nyumba, akaziweka mapajani mwa mumewe.

"Risasi tano," alimwambia. "Baba alitundika moja, nne akawapa kuku."

Sizya aliyapapasa matundu kwa kidole. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kama ina maana mkono wake haukukosea.

"Mkono haukukosea. Umbali ndio uliokosea. Bunduki hii ni nzuri, baba watoto. Ila siyo ile ya mlangoni."

Mahali pa kumwulia mbogo, nyuma ya bega, panatosha bakuli la mboga, si zaidi. Kalunde alipiga hesabu: karibu zaidi, matundu yatakaribiana zaidi. Zilikuwa zimebaki risasi tano. Watu walimwona kichaa aliposema tatu zipigwe ungo, lakini alitundika ungo mpya, akahesabu hatua sitini, na Sizya akapiga, kila mara wakiacha bunduki ipoe kabisa kwanza, maana mbogo hupigwa kwa bunduki baridi. Matundu yote matatu yalifunikwa na vidole vinne vya Kalunde.

Basi zikabaki risasi mbili na swali moja. Kalunde alimwendea Ndimila, akamwuliza kama anaweza kuwafikisha hatua sitini.

"Hatua sitini na mbogo mwenye jeraha?" alisema mjomba. "Huo si umbali, mwanangu, hiyo ni salamu." Halafu akavua makubazi yake, akayaweka kando ya ukuta, na Kalunde akajua amekubali.

Waliondoka ukungu ukiwa bado umelala juu ya nyasi. Dunia yote ilikuwa rangi ya maziwa, na miti ilitokea mmoja mmoja, ikawatazama, ikapotea. Ndimila alitangulia akiangusha majivu kidogo kidogo kutoka kwenye kifuko, kuona upepo unakokwenda. Upepo ulipogeuka, naye aligeuka. Mara mbili walirudi walikotoka, mara moja walitambaa kwenye maji baridi. Karibu na matete Ndimila alilala kifudifudi awaoneshe njia, kumbe amelala juu ya msafara wa siafu. Waliingia shingoni, wakaingia kifuani. Hakujikuna. Kalunde alimwona machozi yakimtoka na uso umetulia tuli.

Mbogo alikuwa amesimama, mweusi ndani ya weupe, kama kitu kilichosahauliwa na usiku. Sizya aliinua bunduki. Kalunde akainua kiganja: bado. Zilikuwa hatua themanini. Walisogea kwa magoti, na yeye akihesabu moyoni, mpaka alipokishusha kiganja taratibu.

Lakini mbogo alikuwa amewageukia uso kwa uso, na mbele ya mbogo ni mfupa mtupu. Kidole cha Sizya kilikuwa juu ya kifyatulio. Hakupiga. Mbogo akapuliza pua, akapiga hatua moja kuja kwao. Hakupiga. Kalunde alikumbuka mtungi mzima wa Mahona, akafumba macho. Alipoyafumbua, mnyama alikuwa amejigeuza kusikiliza ndege fulani upande wa pili, na bega lake lilikuwa wazi kwa muda wa pumzi moja. Ndipo mlio ukasikika, na ukungu wote ukatikisika. Mbogo alianguka palepale aliposimama, na risasi moja ikabaki.

Jua lilipopanda, wanawake walikuwa foleni kisimani, na mkia wa mbogo ulikuwa mikononi mwa Bi Nyamizi. Kwa desturi yao mjane wa mwenye bunduki ndiye anayeutoa, na anayepewa mkia ndiye mwenye kauli juu ya bunduki: ipigwe lini, itoke na nani, mpaka aanguke mbogo mwingine. Haukatwi vipande. Mkia uliokatwa hufaa kufukuzia nzi tu.

Ndimila alisema, huku akijipaka mafuta kwenye vidonda, kwamba hatua sitini za kwenye ungo kila mtu anaziweza, kwani ungo haunusi. Bila miguu yake wangezihesabu hatua hizo wakikimbia.

Sizya aliongea akiwa ameinamisha macho, kama mkwe apaswavyo. Alisema kupima ni kazi na kunyemelea ni kazi, ila yule mbogo alipokuja mbele, kulikuwa na kidole kimoja tu duniani cha kukataa. Akasema pia kwamba anajua ni nani aliyemjeruhi mara ya kwanza, na hilo hatasubiri mtu amkumbushe.

Kalunde aliutaka mkia ule kuliko alivyowahi kutaka kitu. Aliogopa kwamba siku moja sahani itarudi mlangoni, na kijana mwingine atasimama hatua mia mbili, na mtungi mwingine utapatikana mzima.

"Miguu ilikuwapo, mkono ulikuwapo, na Mahona alikufa," alisema. "Kilichokosekana ni ukweli. Mimi ndiye niliyeuleta."

Watu walimgeukia Bi Nyamizi. Alikuwa ameuviringisha mkia kiganjani, akiukunja na kuukunjua. Kalunde akaviona vidole vya mama yake, na chini ya kucha zake mstari mwembamba wa manjano. Nta.

"Zile sahani nilizibwa mdomo nazo," alisema mama. "Mume wangu alipiga tano, akanipa nne, akaniambia, hizi ni za kuku. Nikaziziba mwenyewe. Kila zinapovuja ninaziziba tena, na kila mgeni nikamwonesha ile ya mlangoni. Hata asubuhi ile Sizya alipotoka na bunduki, nilikuwa ninawapa kuku maji. Niliiona sahani, nikanyamaza. Mwanangu yuko chini ya udongo. Mimi nitamhukumu nani?"

Akautandaza mkia juu ya sahani tano, mbele ya watu wote, akajitanda kanga yake, akaingia ndani. Hakuna aliyeugusa. Mitungi ilikuwa imejaa, maji yalikuwa baridi, na hakuna aliyekunywa kwanza.

Mkia bado uko pale. Mmoja alijua ukweli wa bunduki, mmoja alijua ukweli wa njia, mmoja alijua ukweli wa mkono wake. Ondoa mmoja, na mbogo yu hai. Wewe uliyesikiliza mpaka hapa, inama uuokote: ungempa nani? Na ile sahani yenye tundu katikati, ungeirudisha mlangoni, au ungewapa kuku?